Rushwa Iliyowatangulia Wafalme

Kabla Israeli haijapata mfalme hata mmoja, rushwa ilikuwa imekwisha kuingia. Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatuonyesha mahali ilipoota mizizi: Shilo, penye nyumba ya ibada. Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, walikuwa na kijana wa kazi aliyezunguka na uma wa meno matatu akichomoa nyama kwenye vyungu vya watu waliokuja kutoa dhabihu. Baadaye hata kungoja nyama iive waliona tabu. Waliitaka mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa ajili ya Mungu, na aliyesita alitishiwa kunyang'anywa. Miaka mingi ikapita. Samweli, ambaye utotoni ndiye aliyepewa ujumbe mzito juu ya nyumba ya Eli, akazeeka, akawaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Nao wakaanza kuuza haki kwa mwenye nacho.

Mahubiri yetu mengi kuhusu ufisadi huanzia bungeni na ikulu, na huishia huko huko. Maandiko yanaanzia nyumbani kwa mtumishi wa Mungu, tena mtumishi mwema, maana Samweli mwenyewe hakula hongo ya mtu. Mpangilio huo unabadilisha swali ambalo waumini wengi wanajiuliza leo: Mkristo anayesema anautumaini uongozi wa Mungu afanye nini akitawaliwa na mafisadi? Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza, anyamaze na kuomba, kwa kuwa Mungu ndiye anayeweka viongozi. La pili, aachane na siasa kabisa, kwa kuwa ni mchezo mchafu na Mfalme wetu yuko mbinguni. Yote mawili yanasikika kama imani, na yote mawili yanampa mwizi wa mali ya umma usingizi mzuri. Nikiyasoma Maandiko yale yale, naona kumtumaini Mungu kunamwondoa mtawala kwenye kiti kisicho chake na kumpa kipimo asichokipenda. Na kanisa lililokula naye sahani moja haliwezi kukishika kipimo hicho.

Turudi kwa Samweli. Wazee wa Israeli walikutana Rama wakamweleza ukweli mchungu: umezeeka, na wanao hawafuati njia yako. Malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini tazama walichoomba. Hawakuomba Yoeli na Abiya wafikishwe mbele ya hukumu, wala hawakuomba walioonewa Beer-sheba warudishiwe chao. Waliomba mfalme, mtu mmoja wa kuwaamua na kuwatangulia vitani, kama mataifa mengine. Mungu akamwambia Samweli asilichukue jambo hilo kama dharau kwake. Waliyemkataa ni Mungu mwenyewe.

Kwa nini ombi la utawala bora zaidi lihesabiwe kuwa ni kumkataa Mungu? Nadhani ni kwa sababu waliona uovu wa watu wawili wenye madaraka madogo, wakatafuta dawa yake kwa kumpa mtu mmoja madaraka makubwa. Tumaini ambalo lilipaswa kukaa kwa Mungu na katika sheria yake walilihamishia kwa shujaa ajaye. Samweli akawasomea gharama yake, na ule ukurasa wa 1 Samweli 8 ni uchambuzi mkali wa dola: vijana wenu watakwenda kwenye magari yake ya vita na mashamba yake, binti zenu watapika na kuoka jikoni kwake, mashamba yenu mazuri na mizeituni yenu watapewa watumishi wake, fungu la kumi la nafaka na la makundi litakuwa lake, na mwishowe ninyi wenyewe mtakuwa watumwa. Siku hiyo mtalia na hamtajibiwa. Watu wakasikia yote wakasema hapana, tunataka mfalme. Wakapewa.

Sehemu ambayo wahubiri wengi huipita haraka iko sura nne mbele. Samweli alipokuwa akikabidhi uongozi, alisimama mbele ya watu wote, mfalme mpya akiwapo, akawataka wamshtaki. Aliuliza kama amemchukulia mtu ng'ombe au punda, kama amemdhulumu yeyote, kama amepokea hongo ya kumfumba macho, naye akaahidi kurudisha. Watu wakashuhudia kwamba hana deni, na Mungu akaitwa kuwa shahidi wa ushuhuda huo. Hapo ndipo tumaini kwa Mungu na ukaguzi wa hesabu vilipokaa pamoja bila kugombana. Samweli hakusema kwamba Mungu anamjua na hilo latosha. Aliwapa watu haki ya kumkagua, kwa sababu Mungu anajua.

Laiti angefanya hivyo mapema kwa wanawe! Maandiko hayasemi aliwakemea wala kuwaondoa. Kwa nabii wa kiwango chake, kimya hicho kinaumiza.

Sheria ilikuwa imekwisha kuona mbali. Kumbukumbu la Torati 17 inamruhusu Israeli kuwa na mfalme, kisha inamfunga mikono: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Aandike kwa ajili yake nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukajiinua juu ya ndugu zake. Majeshi, ndoa za kisiasa na hazina ndivyo vitu vitatu ambavyo kila mtawala wa zamani alijivunia, na ndivyo vilivyowekewa mipaka kabla hajapatikana mtu wa kukalia kiti. Sulemani aliivunja mipaka yote mitatu, na kitabu cha Wafalme kinahesabu dhahabu yake, farasi wake na wake zake bila kuficha.

Mtanzania wa umri fulani hawezi kusoma sura hiyo asikumbuke Azimio la Arusha la mwaka 1967 na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni wala ukurugenzi wa kampuni binafsi. Azimio halikuwa hati ya kanisa; lilikuwa la chama na la taifa lenye watu wa dini zote. Lakini hekima iliyomo ni ile ile: usingoje kiongozi aibe ndipo umhukumu, mwekee mpaka kabla hajashika ufunguo. Mwaka 1991, huko Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Miaka 5 baadaye Tume ya Jaji Warioba ikaandika ripoti yake juu ya hali ya rushwa nchini, na ilichokieleza kilikuwa ugonjwa ulioenea tangu ofisi ndogo hadi kubwa. Sisemi jambo moja peke yake lilizaa jingine, maana uchumi ulikuwa umebadilika kwa namna nyingi. Nasema tu kwamba mipaka huondolewa kwa siku moja, na kuirudisha ni kazi ya kizazi.

Nehemia ni mfano ambao ningependa usomwe kila anapoapishwa mkuu wa wilaya. Alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12, na kwa miaka yote hiyo hakula posho ya chakula iliyokuwa haki ya cheo chake. Waliomtangulia walitoza watu chakula na divai na shekeli 40 za fedha juu yake. Yeye aliwalisha watu 150 mezani pake bila kuwatwisha wananchi mzigo huo, na sababu aliyoitoa ni hofu ya Mungu. Posho ile ilikuwa halali kwa desturi. Aliiacha kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa.

Hata hivyo mafisadi wakubwa huwa hawahitaji kuvunja sheria waziwazi, na hakuna kisa kinachoonyesha hilo kuliko cha shamba la Nabothi katika 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake Yezreeli. Akatoa bei. Nabothi akakataa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake, na kwa sheria ya Israeli ardhi ni mali ya Mungu, ukoo umekabidhiwa tu. Mfalme akaenda kulala amegeuzia uso ukutani, akagoma kula. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mumewe na kuzitia muhuri wa kifalme. Akaagiza mfungo utangazwe. Akaagiza watu wawili wasiofaa wamkabili Nabothi na kumshuhudia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Mashahidi wawili ndio idadi iliyotakiwa na Torati. Kwa hiyo kulikuwa na barua rasmi, ibada, baraza la wazee, mashahidi wa kutosha na hukumu iliyotekelezwa nje ya mji kama ilivyotakiwa. Karatasi zote zilikuwa safi, na mtu aliuawa ili shamba lake litwaliwe.

Ninachokiona kizito zaidi hapo ni wale wazee wa Yezreeli. Walikuwa majirani wa Nabothi. Barua iliwaeleza waziwazi kwamba mashahidi ni wa kupangwa, nao wakafanya kama walivyoandikiwa kisha wakatuma taarifa kuwa kazi imekwisha. Hakuna hata mmoja anayetajwa kuwa aliuliza. Ahabu na Yezebeli wasingeweza lolote bila wao. Kila kiwanja cha wazi kilichonyakuliwa katika miji yetu kina karani aliyeona faili, mpima aliyeweka mawe ya mipaka, diwani aliyeinua mkono, na wengi wao Jumapili huwa kanisani. Nabii Eliya alitumwa amkute Ahabu ndani ya shamba lile lile. Mungu anayehubiriwa katika kisa hicho anajua kiwanja kiko wapi na kilikuwa cha nani.

Hapa mtu ataleta Warumi 13, na ni haki yake kuileta. Paulo anasema mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu na kwamba anayeipinga anajiletea hukumu. Barua hiyo iliandikwa yapata mwaka 57, Nero akiwa na miaka michache tu kwenye kiti, kabla ya moto wa Roma wa mwaka 64 na mateso yaliyofuata. Wahubiri wa serikali zote za dunia wameipenda sura hii, na wengi huishia mstari wa pili. Anayeendelea anakuta kwamba mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wa raia, mwenye kazi ya kuadhibu uovu na kusifu mema. Mtumishi ana bwana, na mtumishi hupimwa kwa kazi aliyotumwa. Mtawala anayeadhibu wema na kuwapa wezi vyeo hawezi kujificha ndani ya sura inayoeleza kazi ambayo yeye haifanyi. Na Agano Jipya lile lile linatupa Ufunuo 13, ambako dola inayodai kuabudiwa inachorwa kama mnyama atokaye baharini. Anayeshika sura moja na kuiacha nyingine amechagua anachotaka kusikia.

Paulo mwenyewe ni mfasiri mzuri wa Paulo. Huko Filipi yeye na Sila walipigwa viboko hadharani na kutupwa gerezani bila kesi. Kesho yake mahakimu wakatuma watu wawaachie kimya kimya. Paulo akakataa kutoka. Alisema wao ni raia wa Roma, wamepigwa bila kuhukumiwa, hivyo mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, wakaomba radhi. Huyu ndiye mtu aliyeandika kwamba mamlaka itiiwe.

Na lile neno la kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi? Daudi kweli hakumuua Sauli, ingawa alimpata pangoni En-gedi amejisahau. Lakini alitoka akasimama kwa mbali na kipande cha vazi la mfalme mkononi, akamweleza mbele ya jeshi lake lote kwamba anamwinda mtu asiye na hatia, na akamwomba Mungu aamue kati yao. Alikataa damu, hakukataa kusema. Naye Daudi alipokuwa mfalme, akamchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani, Nathani aliingia ikulu kumwambia mpakwa mafuta huyo kwamba ndiye mwenye hatia. Wanaolitumia neno hilo kuzima maswali, wawe wanasiasa au wachungaji wenye mahesabu yasiyoonekana, wanaomba kinga ambayo Daudi hakuwa nayo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake juu ya haya yote, na umelipiwa damu. Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku wakitafuta silaha, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa vyombo vyake vya usalama. Luwum hakuwa mtu wa kuikimbia serikali. Alikuwa akienda mwenyewe kwenye ofisi za usalama zilizoogopwa kuliko zote kuwaombea waliokamatwa. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala, akazuiliwa wenzake walipoachwa waondoke, na akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa Uganda. Luwum aliamini mamlaka imewekwa na Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo aliipelekea barua.

Kenya ya miaka ya 1980 ilikuwa na Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya. Uchaguzi wa mlolongo, ambao mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea au picha yake, ulipoleta matokeo ambayo hata watoto waliohesabu foleni walijua si ya kweli, mimbari zilikuwa mahali pachache ambapo jambo hilo liliweza kusemwa. Gitari alihubiri sura kwa sura, kitabu cha Danieli kikiwa kimojawapo, na wasikilizaji hawakuhitaji kuambiwa Dario ni nani. Aprili 1989 wavamizi walifika nyumbani kwake usiku. Aliokoka kwa kupanda juu ya paa. Muge alionywa na waziri asikanyage Busia. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirudi. Njoya alikuwa ameuanza mwaka huo huo kwa mahubiri ya kutabiri mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Desemba 1991 kifungu kilichoulinda mfumo huo kikafutwa katika katiba.

Lakini hadithi haikuishia kwenye ushindi, na hapa ndipo 1 Samweli 8 inaporudi kwa nguvu. Desemba 2002 muungano wa NARC uliingia madarakani kwa ahadi ya kuzika ufisadi, na furaha ya watu ilikuwa kubwa, makanisani pia. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing ikafichuka: mikataba ya mamilioni ya fedha kwa kampuni ambazo wamiliki wake hawakujulikana. John Githongo, katibu mkuu aliyesimamia maadili ya utawala, akaacha kazi mwaka 2005 akiwa nje ya nchi. Sauti za kanisa zilizokuwa kali kwa utawala wa zamani zilikuwa zimepoa kwa utawala mpya. Ukaja uchaguzi wa 2007 na maelfu ya waliouawa na kufukuzwa makwao. Mwanzoni mwa 2008 Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya liliomba radhi hadharani, likikiri kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamegawanyika kwa misingi ya kikabila na vyama. Naliheshimu ungamo hilo. Linaonyesha pia kwamba kanisa linaweza kununuliwa bila kupokea hata senti, kwa kupewa mtu wa kwao kwenye kiti.

Biblia ina jina la mkombozi wa aina hiyo. Yeroboamu alisimama pamoja na watu waliochoshwa na kodi na kazi za shokoa za Sulemani, wakamwendea mwanawe Rehoboamu huko Shekemu kuomba mzigo upunguzwe. Rehoboamu akajibu kwa kiburi, na makabila kumi yakaondoka. Madai yao yalikuwa ya haki kabisa. Yeroboamu alipopata kiti, hofu yake ya kwanza ilikuwa kwamba watu wakienda kuabudu Yerusalemu mioyo yao itarudi kwa mpinzani wake. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mwingine Dani, na kuweka makuhani wake mwenyewe. Ukombozi wa kodi ukaishia katika dini ya serikali. Vizazi vichache baadaye Amazia, kuhani wa Betheli hiyo hiyo, alimfukuza nabii Amosi kwa hoja kwamba pale ni patakatifu pa mfalme.

Ndiyo maana naamini kumtumaini Mungu kuna kazi ya kisiasa ambayo hakuna itikadi inayoifanya vizuri zaidi: kunamzuia raia asimwabudu mtawala aliyepo, na kunamzuia pia asimwabudu anayekuja kumwondoa. Anayemtumaini Mungu anaweza kumpigia kura mtu leo na kumdai hesabu kesho, bila kuona kwamba amemsaliti.

Rwanda ya mauaji ya kimbari inabaki kuwa onyo zito kuliko yote. Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva wa Kigali alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Ulipofika wakati ambapo nchi ilihitaji kinywa kinachoweza kumwambia mtawala hapana, kinywa kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimekaa mezani pake kwa muda mrefu mno. Walikuwapo mapadre, masista na walei waliokufa wakiwaficha jirani zao, na kumbukumbu yao ni hazina ya kanisa zima. Walifanya hivyo bila taasisi kuwatangulia.

Meza hiyo haihitaji kuwa ya kamati kuu. Inaweza kuwa harambee ya Jumapili. Ahabu alikuwa na manabii 400 waliokubaliana neno moja kabla ya vita vya Ramoth-gileadi, na mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, aliyesema tofauti na kupelekwa gerezani kula mkate wa taabu. Nabii Mika, mwingine huyu, aliwaona viongozi wakihukumu kwa rushwa, makuhani wakifundisha kwa ujira na manabii wakiagua kwa fedha, huku wote wakijifariji kwamba Mungu yuko kati yao. Faraja yao ndiyo iliyomkera zaidi. Walikuwa wanautumaini uongozi wa Mungu, kwa maneno.

Tanzania ilikuwa na takrima: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na ilibidi mashirika ya haki yaende Mahakama Kuu ndipo vifungu hivyo vikabatilishwa mwaka 2006. Kenya mazoea ni ya bahasha na hundi mbele ya madhabahu, na kamera zikiwashwa. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Novemba 2024, miezi michache baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya kupinga muswada wa fedha, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa kwa parokia ya Soweto, zikiwamo za ujenzi wa nyumba ya mapadre. Uamuzi huo ulikuwa na gharama ya kweli, kwa kuwa nyumba ile bado ilihitaji kujengwa. Nauona kuwa hatua ya kitheolojia kubwa kuliko matamko mengi: parokia ilirudishiwa uhuru wa kusema, na waumini wakarudishiwa wajibu wa kujenga kanisa lao kwa senti zao.

Imebaki sehemu ya mtu wa chini, ambaye hana mimbari wala barua ya kumwandikia rais. Kwake yeye fisadi ni afisa anayeng'ang'ania faili hadi aone chai. Matendo ya Mitume 24 inamhusu. Paulo alikuwa mahabusu Kaisaria, na liwali Feliki akawa anamwita mara kwa mara wazungumze. Luka anataja sababu: alitarajia kupewa fedha. Paulo hakutoa. Miaka 2 ikapita, Feliki akahamishwa, akamwacha kifungoni ili kuwapendeza washtaki wake. Alipokuja Festo na kutaka kumrudisha Yerusalemu, ambako alikuwa anaviziwa auawe, Paulo akatumia haki yake ya uraia, akakata rufaa kwa Kaisari.

Mtu huyu alimtumaini Mungu, akakataa kutoa hongo, na akaishika sheria mpaka mwisho wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichochukua nafasi ya kingine. Na mambo hayakumwendea vizuri. Miaka 2 ya maisha ya mtume ilipotea mahabusu kwa sababu ofisa mmoja alitaka kitu kidogo. Wahubiri wanaoahidi kwamba anayekataa rushwa atafunguliwa milango mara moja wanamdanganya muumini, na siku mlango usipofunguka atadhani Mungu amemwacha.

Kuna jambo dogo katika sura hiyo ambalo mara nyingi halitajwi. Feliki alimwagiza akida asiwazuie rafiki za Paulo kumhudumia. Kwa hiyo walikuwapo watu waliokwenda na kurudi wakimpelekea mahitaji yake. Bila wao, kukataa hongo kwa miaka 2 kungekuwa kugumu mara nyingi zaidi. Katika makanisa yetu mhasibu wa halmashauri anayegoma kusaini malipo hewa husifiwa kwa ushuhuda wake, kisha akisimamishwa kazi huachwa ahangaike na kesi peke yake. Karibu kila parokia ya mjini ina wakili, mkaguzi wa hesabu na hakimu mstaafu miongoni mwa waumini wake. Wanaweza kuisoma barua yake ya kusimamishwa, kumwandikia utetezi na kwenda naye mbele ya tume. Na kamati inayojua kuitisha harambee ya nyumba ya padre inajua pia namna ya kuitisha ya karo ya watoto wa mhasibu huyo.